Orodha ya watu 50: mazishi ya mwalimu mstaafu na siasa za wadi wakati wa korona

Kisa hiki kilitokea Magharibi mwa Kenya katikati ya mwaka 2021. Majina ya watu, kijiji, wadi na vyama yameondolewa, na mambo kadhaa ambayo yangewatambulisha wahusika yamebadilishwa. Amri za serikali, tarehe zake na matukio ya kitaifa yameachwa kama yalivyokuwa. Walengwa ni machifu, wazee wa mitaa, kamati za amani na yeyote anayelazimika kusimamia mkusanyiko wa watu wakati ugonjwa umeingia na uchaguzi umekaribia.

USULI WA KITAIFA

Mgonjwa wa kwanza wa korona nchini Kenya alitangazwa Machi 13, 2020. Kufikia mwisho wa mwezi huo shule zilikuwa zimefungwa, kafyu imeanza na mikutano ya hadhara imepigwa marufuku. Siasa zilikuwa zimechemka. Kambi ya Rais Uhuru Kenyatta na Raila Odinga ilikuwa ikizunguka nchi kuunadi mpango wa BBI, yaani mpango wa kubadilisha Katiba, na kambi ya Naibu Rais William Ruto ilikuwa ikiupinga waziwazi. Magharibi ilikuwa imeshaonja mvutano huo. Januari 18, 2020, mkutano wa BBI ulipokuwa ukiendelea katika uwanja wa Bukhungu mjini Kakamega, polisi waliwatawanya kwa vitoa machozi watu waliotaka kufanya mkutano wao Mumias siku hiyohiyo.

Ninalitaja hilo mapema kwa sababu wengi husimulia kana kwamba upendeleo wa vibali uliletwa na korona. Ulikuwapo. Korona iliupa sababu ambayo mtu hangeweza kuibishia bila kuonekana anataka watu wafe.

Novemba 4, 2020 Rais alisimamisha mikutano yote ya kisiasa kwa siku 60. Waliotaka kukutana waliambiwa waende kumbini, wajaze theluthi moja tu ya nafasi. Kabla mwezi haujaisha, Novemba 25, ukusanyaji wa saini milioni moja za BBI ulizinduliwa Nairobi. Wafuasi wa Ruto wakasema amri ilitungwa kwa ajili yao peke yao. Machi 4, 2021 chaguzi ndogo zilifanyika Matungu na Kabuchai, na kampeni zake hazikuwa na dalili yoyote ya watu kukaa mbalimbali. Wiki tatu baadaye, Machi 26, Nakuru ilifungwa pamoja na Nairobi, Kiambu, Machakos na Kajiado, na vikao vya mabunge ya kaunti katika eneo hilo vikasimamishwa. Mwananchi aliyekuwa akifuatilia hayo yote kwenye redio ya kijiji alijifunza jambo moja: ugonjwa una kalenda yake, na kalenda hiyo huandikwa na wakubwa.

Kisha ikaja Juni. Tarehe 1, sherehe za kitaifa za Madaraka zilifanyika Kisumu katika uwanja mpya wa Mamboleo, baada ya ziara ya kuzindua miradi. Tarehe 17, baada ya maambukizi ya kirusi cha Delta kupanda kwa kasi katika ukanda wa Ziwa na Magharibi, serikali iliwekea masharti makali kaunti 13: Kisumu, Siaya, Homa Bay, Migori, Kisii, Nyamira, Kericho, Bomet, Busia, Bungoma, Kakamega, Vihiga na Trans Nzoia. Kafyu ilianza saa moja jioni hadi saa kumi alfajiri. Masoko ya wazi yasiyouza chakula pamoja na minada ya mifugo yalifungwa kwa siku 30. Marehemu alitakiwa kuzikwa ndani ya saa 72, na waombolezaji wasizidi 50. Vijijini watu walihesabu siku kati ya tarehe 1 na tarehe 17, kila mmoja akatoa hukumu yake.

KWA NINI MATANGA

Mgeni anaweza kudhani kwamba siasa za wadi hufanywa kwenye majukwaa. Magharibi, mwanasiasa wa ngazi ya chini anayesubiri jukwaa atasubiri hadi mwezi wa mwisho wa kampeni. Kazi yenyewe hufanyika sokoni siku ya mnada, kanisani Jumapili, na zaidi ya kote, matangani. Matanga yana watu ambao hawakulipwa kuja. Yana hema, vipaza sauti na mpangilio wa wasemaji. Mwanasiasa hutoa mchango, jina lake husomwa, kisha anapewa kipaza sauti "asalimie watu". Salamu hiyo ndiyo hotuba.

Ratiba yake pia ilijulikana. Mazishi yalikuwa Ijumaa na Jumamosi. Mbunge alitoka Nairobi Alhamisi usiku, akapita kwenye maboma matatu au manne, Jumapili akaenda kanisani, akarudi. Amri ya saa 72 iliivunja ratiba hiyo kabisa. Mtu akifa Jumatatu, anazikwa Alhamisi. Bunge la Taifa hukaa Jumanne hadi Alhamisi, na mwishoni mwa Juni wabunge huwa wamekabwa na bajeti ambayo lazima ipite kabla ya mwaka mpya wa fedha kuanza Julai 1. Mazishi ya katikati ya wiki yakabaki mikononi mwa wanasiasa wa nyumbani: mwakilishi wadi, yaani mjumbe wa wadi katika bunge la kaunti, na yeyote aliyekuwa akikitamani kiti chake. Sidhani kama walioandika amri hiyo waliwaza hata kidogo kuhusu jambo hilo, lakini katika kisa hiki ndilo lililoamua nani aje.

Mgawanyo wa madaraka nao una umuhimu. Chini ya Katiba ya 2010, huduma nyingi za afya ni za kaunti, ilhali chifu na polisi ni watu wa serikali ya kitaifa. Kwa hiyo barakoa, vitakasa mikono na matangi ya kunawia yalitoka upande mmoja, na aliyelinda lango alitoka upande mwingine.

WAHUSIKA

Marehemu alikuwa mwalimu mkuu mstaafu, mzee wa ukoo mkubwa wa Kibukusu, mtu aliyekuwa amewafundisha karibu viongozi wote wa tarafa hiyo. Binti yake, muuguzi katika hospitali ya umma mjini Nakuru, alikuwa katibu wa kamati ya mazishi. Mwakilishi wadi, nitakayemwita Mheshimiwa, alikuwa katika muhula wake wa kwanza. Mpinzani wake alikuwa mfanyabiashara wa vifaa vya ujenzi, mwanafunzi wa zamani wa marehemu, ambaye hakuwa ametangaza nia lakini kila bodaboda wadini alijua. Wengine ni chifu aliyekuwa karibu kustaafu na mkuu wa kituo cha polisi, OCS, aliyekuwa mgeni katika eneo hilo.

MFUATANO WA MATUKIO

Mzee alifariki Jumatatu usiku katika hospitali ya kaunti ndogo. Alikuwa na sukari kwa miaka mingi, na siku za mwisho alikuwa akikohoa. Sampuli ilichukuliwa, majibu hayakuwa yametoka. Kufikia asubuhi kijiji kizima kilikuwa kimeshatoa majibu yake chenyewe.

Hofu ya familia haikuwa korona yenyewe. Walikumbuka Aprili 2020, mwili wa mtu mmoja Siaya ulipozikwa usiku bila jeneza, na video ikaenea nchi nzima. "Baba hatafukiwa kama mbwa," kaka wa marehemu aliiambia kamati, na hakuna aliyembishia. Binti alieleza kwa utulivu kwamba taratibu zilikuwa zimebadilika tangu wakati ule, kwamba afisa wa afya ya umma atakuwapo, jeneza litakuwapo, na mchana utakuwapo. Wakaafikiana: Alhamisi asubuhi.

Jumanne chifu alifika na kusoma masharti. Watu 50, barakoa, hakuna kesha, hakuna muziki wa usiku, kila kitu kiishe kabla ya saa saba mchana. Alikumbusha kwamba asiyevaa barakoa hadharani angeweza kutozwa faini ya hadi shilingi 20,000 au kufungwa hadi miezi sita. Mwisho akaongeza sharti ambalo halikuwa kwenye amri yoyote: wanasiasa wasizungumze.

Jioni hiyo Mheshimiwa alipita kutoa pole na kuahidi hema na vipaza sauti. Saa moja baadaye mpinzani naye alifika, akaahidi jeneza na gari la kubeba mwili. Kamati ilipokea hema, ikakataa vipaza sauti, ikapokea gari, ikakataa jeneza. Kaka wa marehemu alisema jeneza la mwalimu litanunuliwa na watoto wake. Michango mingine ilipitia nambari moja ya M-Pesa iliyosimamiwa na mweka hazina wa kanisa, na majina ya waliochanga yalisomwa bila kutaja kiasi.

Jumatano ilikuwa siku ya orodha. Binti aliandika kwa mkono: watoto na wajukuu, ndugu, wazee wa ukoo, wachungaji, walimu wawili, wabeba jeneza. Nafasi zilipokwisha, wajukuu wawili walikatwa ili mashemeji wapate nafasi, na machozi yakamwagika hata kabla ya mazishi. Hakuna mwanasiasa aliyeandikwa. Mstari wa mwisho ulisomeka tu: "Maafisa." Ulikusudiwa chifu, naibu wake na afisa wa afya. Orodha ikabandikwa kwenye mti wa mwembe karibu na lango.

Alhamisi asubuhi, kabla ya ibada, pikapu ya kaunti ilifika na matangi mawili ya kunawia, katoni za vitakasa mikono na maboksi ya barakoa. Mheshimiwa alishuka upande wa abiria. Chifu alimwendea.

"Mheshimiwa, tulikubaliana. Leo hakuna siasa."

"Chifu, siasa iko wapi hapa? Mimi nimeleta maji na barakoa. Nikiondoka, naondoka navyo?"

Chifu alitazama lango. Hapakuwa na ndoo hata moja. Akamwingiza kama afisa. Barakoa zilipogawiwa, zilikuwa na jina la Mheshimiwa limechapishwa pembeni. Baada ya mahubiri aliombwa na mwongozaji aonyeshe namna sahihi ya kuvaa barakoa. Alionyesha kwa sekunde chache, kisha akazungumzia barabara, basari na zahanati kwa karibu robo saa.

Mpinzani alifika wakati huo. Naibu wa chifu alimzuia.

"Jina lako halipo, ndugu yangu."

"Na lake lipo?"

Naibu hakujibu. Mpinzani hakusukumana na mtu. Alirudi barabarani, ambako watu waliokosa nafasi walikuwa wamejaa kuanzia kwenye ua wa michongoma hadi shambani kwa jirani, wengi kuliko walioko ndani. Akapanda nyuma ya lori lake akaanza kuzungumza. Baada ya dakika chache wale wa nje walikuwa wakishangilia na wale wa ndani wakigeuza shingo.

OCS alifika na askari wanne. Aliwaacha garini. Kwanza aliingia ndani kwa mchungaji, akamwomba atangulize jeneza kaburini na wimbo uanze. Wimbo ulipoanza, watu wa barabarani walivua kofia, kelele ikashuka yenyewe. Ndipo akamwendea mpinzani na kuzungumza naye kando. Binti naye alitoka nje. Alimwambia mpinzani kwamba binamu yake mmoja ameamua kutoka ili mwanafunzi wa baba aingie atupe udongo, kimya, kisha aondoke. Mpinzani alimshukuru, akakataa. Nadhani alijua vizuri alichokuwa akikikataa. Ndani alikuwa na dakika mbili za ukimya, na nje alikuwa na wadi nzima.

Jioni hiyo, kabla ya saa ya kafyu, kipande kifupi cha video kilikuwa katika kila kundi la WhatsApp wadini. Mpinzani anaonekana akisema amekatazwa kumzika mwalimu aliyemfundisha kusoma, na nyuma yake, ng'ambo ya ua, sauti ya Mheshimiwa inasikika ikitaja barabara. Ombi la binti halimo kwenye video.

Ijumaa chifu aliitwa na naibu kamishna wa kaunti kujieleza.

Jumamosi ilikuwa zamu ya kumuse. Kwa Wabukusu, mzee wa hadhi yake haagwi kwa kuzikwa tu. Siku chache baada ya mazishi, omuseni, mzee kutoka ukoo wenye kipawa hicho, husimama mbele ya watu na kuzungumza akitembea huku na huko katika njia iliyoachwa wazi katikati yao. Husimulia asili ya watu, huonya, hupatanisha. Anapozungumza hakuna anayeinuka wala kumkatiza. Chifu, aliyetoka kukemewa jana yake, alitaka kuizuia. Wazee wakamwambia kwamba amri imetaja mazishi, na mazishi yamekwisha. Baada ya majadiliano ya usiku kwa simu, aliruhusu kwa masharti yaliyotoka kwa wazee wenyewe: hakuna hema, kila boma likae peke yake kwenye malisho ya ng'ombe, hakuna chakula cha pamoja, na omuseni asitumie kipaza sauti.

Watu walizidi 50, na chifu alijua. Mheshimiwa alikuja, mpinzani alikuja. Wote wawili walikaa chini nyasini na barakoa zao. Omuseni alipitia marika, akafika kwenye vita vya Chetambe vya 1895 kati ya Wabukusu na Waingereza, akaja kwenye magonjwa yaliyowahi kupita. Kwa karibu saa mbili hakuna mwanasiasa aliyefungua mdomo.

MAAMUZI NA SABABU ZAKE

Uamuzi wa kuandika orodha kwa majina na kuibandika hadharani ulikuwa wa binti. Sababu yake ilikuwa ya kiuguzi: alitaka iwe rahisi kuwafuatilia watu kama majibu ya sampuli yangerudi vibaya. Manufaa ya kisiasa yalikuja bila kukusudiwa. Orodha iliyo wazi iliwanyima wanasiasa nafasi ya kudai wamealikwa.

Uamuzi wa chifu kumwingiza Mheshimiwa huelezwa wadini kama hongo au woga. Nimezungumza naye kwa kirefu na sidhani hivyo. Kwa wiki moja alikuwa ameomba barakoa na ndoo kutoka ofisi ya afya bila kupata chochote. Asubuhi ile alikuwa na watu 50 ndani, mamia nje, afisa wa afya aliyekuja mikono mitupu, na pikapu iliyojaa kila alichokihitaji. Alichagua maji. Kosa halikuwa kupokea matangi, lilikuwa kushindwa kuyatenganisha na aliyeyaleta.

OCS alinieleza kwamba alikuwa na maagizo ya kutawanya mkusanyiko wowote. Alipouona mwili bado haujashuka kaburini, aliamua kwamba vitoa machozi vingekuwa "kesi yangu, si ya Nairobi." Kauli hiyo ina historia. Wiki za mwanzo za kafyu mwaka 2020 polisi walipiga na kuua, na Aprili mwaka huo Mahakama Kuu iliiacha kafyu isimame lakini ikatangaza kwamba nguvu zilizotumiwa na polisi kuitekeleza zilikiuka Katiba. Ofisa wa kituo kidogo hahitaji kuisoma hukumu hiyo ili imfikie. Humfikia kama tahadhari ya nani atabebeshwa mzigo.

Wazee walioiokoa kumuse walitumia hoja ya kisheria ambayo wakili yeyote angeitilia shaka. Lakini walifika mezani na masharti yao tayari, tena makali kuliko ya serikali. Chifu alikuwa na kitu cha kumwonyesha bosi wake.

MATOKEO

Majibu ya sampuli ya marehemu yalitoka wiki iliyofuata: hakuwa na korona. Hakuna mwombolezaji aliyepimwa. Chifu alipewa barua ya onyo na akastaafu mwaka uliofuata kwa amani. Mheshimiwa hakuguswa. Mpinzani aliandikisha taarifa kituoni, faili haikuendelea. Masharti ya kaunti 13 yalilegezwa mwishoni mwa Julai, kafyu ya nchi nzima ikaondolewa Oktoba 20, 2021, siku ya Mashujaa.

Agosti 9, 2022 mpinzani alishinda kiti. Wadini husimuliwa kwamba alishinda siku ile ya lori. Ukiangalia vituo kimoja kimoja, hadithi hiyo inayumba. Katika kituo kilicho karibu zaidi na boma la marehemu, ambako watu walikuwapo, walinawa kwa maji yale na walimwona binti akitoka nje, Mheshimiwa aliongoza. Mpinzani alijizolea kura upande wa pili wa wadi, ng'ambo ya mto, ambako mazishi yalifika kama video. Zipo sababu nyingine: chama, ukoo, bei ya mbolea, wimbi la wilibaro, nembo ya chama cha Ruto, lililopita nchini. Lakini tofauti kati ya walioona na waliotazama inatosha kumfanya mtu afikiri mara mbili.

UCHAMBUZI

Amri iliyokusudiwa kupunguza watu ilizalisha kitu kipya kabisa wadini: lango. Kabla ya korona matanga hayakuwa na lango. Mwanasiasa mdogo asiye na cheo alikuwa sawa na mwenye cheo, wote walihitaji tu kufika na kuvumilia kusubiri zamu. Nafasi zilipokuwa 50, swali likawa nani anahesabiwa kama mwombolezaji na nani kama afisa, na jibu la swali hilo lilimpendelea aliyekuwa tayari madarakani. Sidhani ilihitaji njama yoyote. Mwenye kiti ana pikapu, ana barakoa, ana sababu ya kuwepo mahali popote ambapo kuna "huduma". Hata chifu mwadilifu angefika palepale. Ndivyo ilivyokuwa kitaifa pia, katika zile siku 60 za Novemba 2020: kilichokuwa siasa kwa upande mmoja kiliitwa kazi ya serikali kwa upande mwingine.

Lakini lango lina pande mbili, na upande wa nje haukuwa bure. Aliyezuiwa alipata kitu ambacho fedha haziwezi kununua, yaani kisa cha kuonewa, na simu ya kukibeba. Kambi ya Ruto iliielewa mantiki hiyo mapema kuliko wapinzani wake. Kila mkutano uliovunjwa kwa jina la korona ulizaa mkutano mwingine mkubwa zaidi kwenye simu. Serikali iliyodhani inazima moto ilikuwa inaupepea, na mpinzani wa wadi hii hakuhitaji mshauri kumfundisha hilo.

Kilichofaa zaidi katika kisa chote, kwa maoni yangu, ni Jumamosi. Watu wengi zaidi ya Alhamisi, umbali mzuri zaidi, barakoa zilizovaliwa bila askari, na wanasiasa wawili walionyamaza kwa hiari. Tofauti haikuwa utamaduni dhidi ya serikali, kama wapenzi wa mila wanavyopenda kusema. Alhamisi masharti yalishuka kutoka juu yakiwa na mwanya wa "maafisa". Jumamosi masharti yaliandikwa na wale waliokusudia kuyafuata, na hayakuwa na nafasi ya mtu maalumu: wote wanakaa chini, msemaji ni mmoja. Pia ni kweli kwamba idadi ilivunjwa. Yeyote anayetaka kutumia kumuse kama mfano wa kufuata sheria atafute mfano mwingine. Ni mfano wa kufuata lengo la sheria huku herufi yake ikipindishwa, na chifu aliyekubali alikuwa anahatarisha pensheni yake.

Utulivu wa OCS nao unastahili kutazamwa kwa makini, kwa sababu hauonekani kwenye video yoyote. Kumwendea mchungaji kabla ya kumwendea mwanasiasa kuliwaondolea watu wa nje sababu ya kushangilia. Angeanza na lori, angekuwa sehemu ya jukwaa.

Palipoharibika sana ni ukimya. Ombi la binti kwa mpinzani lilikuwa jambo la maana kuliko yote yaliyotokea Alhamisi, na halikurekodiwa wala kutangazwa. Familia iliona aibu kuingia kwenye malumbano siku tatu baada ya kumzika baba. Kamati haikuwa na msemaji. Ofisi ya chifu haikutoa taarifa kwa sababu ingelazimika kueleza kwa nini Mheshimiwa aliingia. Hivyo sekunde chache za video zikabaki ndiyo kumbukumbu rasmi ya tukio la siku nzima, na zitabaki hivyo.

Kufungwa kwa soko kulizidisha kila kitu, ingawa hakuna aliyekutaja siku ile. Wauza mitumba na madalali wa ng'ombe walikuwa wamekaa nyumbani bila kipato tangu wiki iliyotangulia. Wengi wa waliokuwa kwenye michongoma walikuwa wao. Walikuwa na muda, na walikuwa na hasira ambayo ilikuwa ikitafuta mtu wa kuielekezea. Kuwafungia watu soko na matanga kwa pamoja, bila fidia yoyote, halafu kumwachia mwenye kiti peke yake haki ya kuzungumza, ni mchanganyiko ambao ningemshauri mtawala yeyote auepuke, hata asiyejali demokrasia.

Katika mafunzo ya machifu ambako nilikitumia kisa hiki, ubishi mkubwa haukuwa juu ya haki ya kukutana wala juu ya video. Ulikuwa juu ya matangi. Baadhi walisema chifu angeyapokea na kumrudisha Mheshimiwa, wengine wakacheka na kuuliza ni chifu gani huyo. Waliokuwa na jibu la kutekelezeka walitoka kaunti ndogo jirani. Huko kamati ya dharura ilikuwa imekubaliana na idara ya afya kwamba vifaa vya mazishi vipelekwe moja kwa moja kwenye zahanati, mzee wa mtaa avichukue kwa kutia sahihi na avirudishe jioni, na barakoa yoyote yenye jina la mtu isipokewe. Mwakilishi wadi wao alilalamika kwa mwezi mzima. Matangi yalifika kila mazishi, ndani ya mkokoteni wa punda.